Sakafu

Muuza duka alinionyesha mfuko wa punje nyeusi,
zimechomwa, zimepimwa, zina jina na bei.
Nikazimimina kiganjani, nikacheka.
Bwana mdogo, nikamwambia, nyeusi naijua.
Miaka thelathini na miwili nimeitema kila asubuhi
kwenye sinki la jikoni, ghorofa ya sita, Ostrava.

Nikatoka mikono mitupu, nikateremka mtoni.

Nilichota ndoo mbili kabla ya theluji ya kwanza.
Nyumbani nikatia mchanga kidogo kwenye kisosi,
nikaudondoshea siki.
Ukitoa povu, una chokaa, utayafanya maji kuwa magumu;
ukinyamaza, ni wako.
Nikainamisha sikio
kama tulivyokuwa tukiisikiliza dari ya mgodi.
Kimya.

Kisha kuosha. Ndoo ya kwanza, chai ya maziwa.
Ya tano, chai ya rangi.
Ya kumi na moja, nikaiona chapa ya kiwanda chini ya ndoo.
Daktari Havránková anayo picha ya mapafu yangu;
huko hakuna ndoo ya kumi na moja.

Chini kabisa nilitandika udongo wa bustani ya Jarmila,
niliouchekecha mara mbili: vijiti, mizizi mikavu,
kifungo kimoja cha koti.
(Usitie samadi ya kuku. Watu hutia, samaki hulipa.)
Unene wa vidole viwili. Juu yake mchanga, vidole vitatu,
nyuma ukipanda, mbele ukishuka,
maana jicho hupenda mlima hata ukiwa wa shubiri moja.
Maji nikayamimina juu ya sahani, polepole,
kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Radovan akapiga simu kutoka Brno:
Baba, nasikia unachimba mgodi sebuleni.
Mgodini tulitoa, nikamjibu. Hapa naweka.
Akanyamaza, halafu akauliza kama nimekula.

Siku ya tisa mimea iliyeyuka.
Kriptokorini zote, jani kwa jani, uji wa kijani.
Jarmila alisema nizing'oe, nitupe.
Lakini mmea huu ukihamishwa huvua kila ulichovaa;
mzizi hubaki chini, ukipima ulikofika.
Sikuzing'oa.
Mimi mwenyewe, baada ya kumzika Zdislava mwezi Januari,
niliinuka kitandani Aprili.

Mwezi wa tatu, kiputo.
Kikapanda kivivu, kikapasuka juu: harufu ya yai viza.
Mkono ukaenda wenyewe kiunoni kutafuta taa ya kupimia gesi,
taa niliyoirudisha stoo mwaka wa kustaafu.
Gesi haigombezwi. Gesi hupewa njia.

Ndani ya kikapu cha Zdislava kuna soksi,
imekomea kisiginoni.
Sindano nne zimeshikilia nyuzi; ya tano ilikuwa huru.
Nilichukua hiyo ya tano.
Kila Jumapili nachoma mchanga pale pasipo na mizizi,
taratibu, tundu baada ya tundu,
na viputo vinatoka kimoja kimoja kama watu wa zamu wakipanda juu.

Sasa zamu ya usiku wameichukua konokono,
wale wadogo wenye gamba la pia,
wanaolima chini kwa chini, hawadai mshahara.
Mpira wa kunyonyea uchafu naupitisha juu juu tu.
Uchafu mwingine nauacha. Ndio mkate wa mizizi.

Wageni hutazama samaki.
Mimi huvuta kiti, huinama ubavuni pa kioo,
pale tabaka zinapoonekana, kijivu juu ya kahawia,
na mizizi myeupe inateremka gizani
bila kofia, bila taa.

Jana mmoja uligusa kioo cha chini.
Nimeweka alama kwa kalamu ya wino mwekundu:
tarehe, kina,
saa ya kuwasili.